Maneno Niliyomtafsiria Mama

Nikipita korido iliyodekiwa kwa dawa, harufu yake kali hunirudisha hospitali ya Mulago, nikiwa na miaka tisa, nimesimama kati ya Mama na daktari.

Tulikuwa wakimbizi kutoka Kongo, tukiishi mtaa wa Kansanga, na Mama akiuza vitenge. Kiingereza hakukijua. Ukalimani ulikuwa kazi yetu sisi watoto tuliosoma pale. Tulitolewa darasani kwenda kuzungumza na wenye nyumba, maaskari na madaktari, nasi tukajiona watu wakubwa kweli.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha "cheer up". Huambiwa mwenye huzuni, alisema, yaani changamka. Na mwenzako akinyong'onyea, unaweza kumchangamsha wewe. Niliyapenda mno maneno hayo. Hata kuku wa jirani niliwaambia wachangamke.

Daktari alizungumza taratibu, tena kwa muda mrefu, juu ya mdogo wangu Neema, aliyelala kageukia ukuta. Sikuelewa hata nusu, na aibu ikanizuia kusema. Mwishoni nikayasikia maneno yangu, "cheer her up".

"Anasema aje?" Mama akauliza.

"Anasema tumuchangamushe."

Mama alishusha pumzi. Aliwaambia wanawake wa kitanda cha pili kwamba mtoto wa kufa haagiziwi kicheko. Akamshonea Neema gauni la kitenge, nami nikamwigizia mwalimu wetu anavyotembea mpaka akacheka, akaomba niigize tena. Baba alikuwa amebaki Beni, kule Kongo, mwendo wa siku mbili. Mama akamtumia salamu kwamba asihangaike, mtoto anapata nafuu.

Siku ya sita Neema akafariki. Baba alifika tumeshazika. Mbele ya watu wa matanga akauliza kwa nini hakuitwa, daktari alikuwa amesema nini. Nilijikunyata nyuma ya mlango.

"Munganga hakutuambia kitu," Mama akajibu.

Nilifurahi kwamba sikutajwa. Miaka mingi baadaye, nikimuuguza Mama mwenyewe, daktari aliniambia maneno yale yale, na safari hii niliyaelewa na yote yaliyotangulia: dawa ilikuwa imeshindwa, kilichobaki ni kumchangamsha tu, kama ilivyokuwa kwa Neema. Ndipo nikajua kwamba siku ile ya matanga Mama alikuwa ameshaling'amua kosa langu, akalibeba yeye. Baba hakumsamehe. Alimnunia miaka yote iliyobaki, na mimi, niliyeweza kusema, nilinyamaza mpaka tukamzika Mama.