Laptop Iliyokataa Kuamka

Mwaka ule niliamua kuandika maisha ya Aabo, baba yangu, aliyeendesha lori la mifugo tangu ujanani mpaka magoti yalipomshinda. Yeye alisimulia, mimi nikachapa. Tulikaa mbele ya nyumba yetu mtaani Wabera baada ya chakula cha mchana, yeye na chupa yake ya chai ya maziwa, mimi na laptop mapajani.

Shida ilikuja na adhana ya alasiri. Nilikuwa nafunika laptop tuende kuswali. Nikirudi kuifunua, nakuta kioo cheusi na taa ya pembeni ikipepesa. Inapumua, lakini haiamki. Ilibidi nikandamize kitufe mpaka izime kabisa, niiwashe upya, na chochote ambacho sikuwa nimekihifadhi kinakuwa kimekwenda.

"Sasa imelala ama imekufa?" Aabo aliuliza.

"Imelala. Haitaki kuamka."

"Basi usiilaze."

Alisema kweli, lakini mkono una mazoea yake. Ndivyo nilivyopoteza kisa cha mama mjamzito. Aabo alikuwa amebeba mbuzi kutoka Oldonyiro, na mama huyo ameomba lifti akiwa tayari na uchungu. Walikuta mto mkavu umejaa maji ya mvua. Aabo akaingia na lori, maji yakafika mlangoni, akavuka, akamfikisha mama hospitali. Nilichapa yote hayo nikiwa na kicho, nikafunika laptop, nikaenda kutawadha.

Kesho yake nilimwomba arudie. Safari hii hakuvuka. Alikataa katakata kuingia majini, na mtoto akazaliwa palepale juu ya lori, mbuzi wakisukumwa upande mmoja.

"Lakini jana ulivuka," nilimwambia.

"Jana?" Akanitazama, kisha akaitazama laptop, kana kwamba ndiyo iliyogeuza maneno. "Mimi nilisema nilivuka?"

Sikuwa na ushahidi. Nilibaki sijui kama nilimsikia vibaya jana au leo.

Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop. Nilifurahi mno: walikuwa wameutaja ugonjwa wangu hasa, mashine kutoamka baada ya kulala, na kusema umetibiwa katika firmware mpya. Nikapakua faili, nikaibonyeza. Haikufunguka. Ilitengenezwa kwa Windows, na laptop yangu inatumia mfumo wa Linux, niliyowekewa na binamu yangu kabla hajaenda kufanya kazi Uarabuni. Niliizoea na sikutaka kuiacha.

Nikawaandikia. Wa kwanza kunijibu alisema Linux inakubalika kabisa kwenye mashine hiyo. Wa pili alisema inakubalika, ila si kwa firmware. Wa tatu alitaka herufi ya mwisho ya namba iliyo chini ya laptop. Nikaigeuza. Herufi ilikuwa imefutika kwa kusuguana na nguo zangu.

Dada yangu alipokuja kwa Idi kutoka Garbatulla, anakofundisha, alikuwa na laptop ya kampuni hiyohiyo, Linux hiyohiyo, rangi hiyohiyo. Tukaziweka mkekani bega kwa bega. Yake ilikuwa imejiletea firmware yenyewe, ikamuuliza kama aiweke, akabonyeza ndiyo. Yangu nikaiuliza mbele yake. Ikajibu kwamba hakuna sasisho lolote.

"Labda hukuuliza vizuri," dada alisema.

"Uliza wewe basi."

Akauliza. Jibu halikubadilika.

"Hiyo firmware ni kitu gani?" Aabo akadakia.

Nikajaribu kumweleza kwamba ni maagizo yaliyo ndani ya mashine yenyewe, yanayoiamsha kabla Linux haijaanza kazi.

"Na ni ya nani? Yako ama ya kampuni?"

Mpaka leo sijui jibu sahihi.

Mwishowe niliipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza simu na kompyuta karibu na msikiti. Naye alishangaa. Alijaribu kuiweka ile firmware kwa flashi, mashine ikaikataa. Akafikiri, akaifungua laptop mgongo, akatoa diski yangu na kuweka ya kwake yenye Windows, ili ile faili ifunguke.

"Stima ikipotea katikati, hii inakuwa kibao cha kukatia kitunguu," alisema. "Niendelee?"

Nikamwambia aendelee, nikatoka nje kwa sababu sikuweza kutazama. Niliporudi kioo kilikuwa cheusi, feni inanguruma, na mama yule ameshika kiuno. Kisha mashine ikajiwasha. Akarudisha diski yangu, akafungua maandishi yangu, akaifunika laptop, tukanywa chai. Alipoifunua, maandishi yangu yalikuwa palepale nilipoyaacha. Nilimkumbatia.

"Usinishukuru sana," alisema. "Sijui kwa nini flashi ilikataa na hii ikakubali. Faili ni moja."

Baada ya muda ikaja barua pepe kutoka kwa kampuni. Walisikitika kunijulisha kwamba kwa mashine yangu hakuna firmware inayoondoa tatizo nililoeleza. Niliisoma mara kadhaa, kisha nikamsomea Aabo.

"Wanasema haijapona?"

"Wanasema haiwezi kupona."

"Na inaamka?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa, akajimiminia chai. Nikamwomba anisimulie tena habari ya yule mama na mto, maana sasa ningeweza kuhifadhi bila hofu. Akaanza vizuri, mbuzi, mvua, kelele za mama yule nyuma ya lori. Alipofika ukingoni mwa mto akaweka kikombe chini.

"Dereva alikuwa ndugu yangu," alisema polepole. "Mimi nilikuwa nyuma, nimemshika mama mkono." Akaniangalia kama mtu anayeomba kusaidiwa. "Ama vipi? Wewe ndiye uliyeandika."

Nikamwambia sikumbuki vizuri, tuendelee tu. Nikasogeza kiti karibu naye, nikachapa alichosema.