Mboga za Ua wa Jirani

Mdogo wangu alianza kujigonga kwenye vigoda. Mchana alikimbiza kuku vizuri tu, lakini jua likizama alikaa ukutani na kuniita nimshike mkono. Tulikuwa Awindiri, mjini Arua, miaka ile ambayo sukari na sabuni vilipotea madukani. Baba alikuwa fundi cherehani na vitambaa vilikuwa havipatikani. Nyama ikawa kitu cha Idi. Mama alikulia katika nyumba ya Wanubi, watu wa mjini, ambako majani yalihesabiwa chakula cha shamba, kwa hiyo tulikula ugali wa muhogo kwa chai ya rangi.

Muuguzi wa zahanati alimfunua mtoto kope, akamwambia mama, "Dawa haiko. Mupe mboga kila siku, dodo na majani ya kunde. Tia simsim. Bila mafuta, macho haipati kitu."

Mboga hizo, kunde na dodo, yaani mchicha, zilijaa ua wa pili. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyetoka Logiri, aliyepanda mpaka mlangoni. Wiki chache kabla, adhuhuri, watu wa serikali wasiovaa sare walimchukua mumewe kwa gari. Siku ya tatu mama huyo na wanawe hawakuwepo. Mlango ulibaki wazi, upepo ukiupigapiga, na hakuna jirani aliyekwenda kuufunga. Tuliogopa kuonekana pale. Mvua ikanyesha, dodo ikafika kiunoni.

"Hii mboga iko ya mutu," baba alisema.

"Na mutoto iko ya nani?" mama akamjibu.

Akaingia mchana kweupe, mimi nikiangalia njia. Alitoka na kanga iliyojaa na uso uliobadilika. Chungu cha yule mama, alisema, kilikuwa bado mafigani, na maharage ndani yameota ukungu.

Alipika majani kwa simsim aliyoisaga kwenye jiwe. Mboga ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonitisha. Kila tonge nilijiuliza watoto wa nyumba ile wanakula nini.

Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Magharibi moja mdogo wangu alisimama mlangoni peke yake, akasema, "Mama, yule mama wa mboga amerudi. Anachuma."

Mama aliangusha mwiko, akakimbia akiita. Hapakuwa na mtu. Lakini mashina kadhaa yalikuwa yamekatwa kwa kisu, bado yanatoa maji. Sisi tulichuma kwa mkono. Hakuna aliyekumbuka kufurahi kwamba mtoto ameona gizani.

Kesho yake mama alifunga chumvi kidogo kwenye jani la mgomba, akaiweka kizingitini kwa jirani. Chumvi ilikuwa haba kuliko nyama. Ilikaa pale, asubuhi baada ya asubuhi, hadi mvua ikaiyeyusha.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipotufikia, tulikimbia kupitia Koboko. Kando ya soko mama aliona mgongo wa mwanamke mwenye kikapu kichwani, akaacha mizigo yetu njiani, akamfuata. Alimshika bega. Mwanamke akageuka. Hakuwa yeye.

"Unataka dodo?" aliuliza.

Mama alinunua fungu moja. Jioni alitupikia kwenye mawe matatu, mdogo wangu akachochea moto na kutupakulia. Mama hakula. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Hapana," alisema. "Kuleni hii mboga, ninyi munaihitaji."

Akageukia njia tuliyotokea, akakaa hivyo mpaka tukaosha vyombo.