Ua la Bahari na Marashi Yangu

Mkinicheka, mchekeni na mume wangu, aliyeniletea ua la bahari kutoka miamba ya Ras Kitau. Alilitia na jiwe lake ndani ya bakuli kubwa la kioo, nikawa nalibadilishia maji ya chumvi kila siku. Lilipendeza, ila halikunukia, na ua lisilonukia katika nyumba ya mji wetu wa Amu ni aibu. Basi kila asubuhi nikalinyunyizia marashi.

Kila jioni nikalikuta limehamia upande mwingine. Nani kalisogeza, kama si wifi yangu Bi Zena? Nikamnunia, nikamshtaki kwa mama mkwe.

Ijumaa mama mkwe akatuketisha wote mbele ya bakuli. Nikanyunyiza marashi kama kawaida. Ua likajikunja kama ngumi. Tulipokuwa tukinywa kahawa likajibandua jiweni, likatambaa polepole hadi upande wa pili.

“Astaghfirullahi!” nikamaka. “Kumbe ni mnyama!”

Bi Zena akaweka kikombe chini. “Wifi, mimi sikuligusa. Lenyewe latafuta ndia ya kuyakimbia marashi yako.” Akamgeukia mama yake. “Sasa najua kwa nini kaka siku hizi hulala darini.”