Kisima Alichochimba Peke Yake

Katika riwaya yangu, msichana wa miaka kumi na saba anatembea peke yake kutoka Kyuso hadi Malili. Ni miaka mia mbili kutoka sasa. Barabara zimekufa, mvua ni kitu cha kusimuliwa tu, na pale Malili kuna mji wa vioo ambao watu wake wamefungia maji yote ndani na kuweka mitambo inayoruka kuyalinda. Msichana ana mkono mmoja wa chuma. Hana mama, hana jirani, hana hata mbuzi. Vijana waliipenda hadithi hiyo. Mimi pia niliipenda, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Kuna sura moja ambayo kila msomaji huitaja. Shujaa wangu yuko katikati ya mto mkavu, siku mbili hajanywa, na anachimba mchanga hadi kina cha watu watatu ndipo anapata maji. Sura hiyo sikuibuni. Niliitoa kinywani mwa mama yangu. Likizo moja, shule ninayofundisha ilipofungwa, nilikaa naye jikoni siku mbili na daftari, nikamuuliza kila kitu: mchanga hubadilika rangi ukifika wapi, ukuta huonyesha dalili gani kabla ya kuporomoka, nyayo huhisi nini maji yakikaribia. Mama hakuwa amewahi kuulizwa jambo na mtu mwenye daftari, isipokuwa watu wa sensa. Alijibu kwa Kikamba, taratibu, akinisubiri nimalize kuandika. Tulipomaliza, akaenda kuwaambia wenzake wa mwethya kwamba wote wanaingia kwenye kitabu.

Mwethya ni kile kikundi cha kina mama kinacholima shamba lako leo na la jirani kesho, na kiangazi kikikaza, kinachimba kisima mtoni. Kisima cha mchangani hakichimbwi na mtu mmoja. Mmoja husimama chini akijaza karai, wengine hujipanga kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, na karai hupanda mkono kwa mkono hadi juu. Chini walikuwa wakimweka mama yangu, kwa sababu ni mfupi na haogopi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na wanawake kumi na mmoja. Niliwafuta. Ningependa kusema mhariri alinilazimisha, lakini yeye alisema tu kwamba sura ina watu wengi. Mimi ndiye niliyewatoa mmoja mmoja, na wa mwisho kumtoa alikuwa yule wa chini. Nikampa shujaa mkono wa chuma ili asimhitaji mtu, na wacha nikiri, nilikuwa najiona mimi mwenyewe: binti wa Kyuso aliyefika chuo kikuu bila kushikwa mkono. Uongo mtupu. Nilipokuwa chuoni, mwethya ndio waliompalilia mama ndengu, na zamu ya kurudisha kazi hiyo ilipofika, hakwenda msomi. Alikwenda mama na goti lake bovu.

Shule moja ya Kitui mjini ilinialika niwasomee wanafunzi. Nikampigia mama simu, kwa majivuno tu, wala sikudhani angekuja. Siku yenyewe waliingia ukumbini yeye na mwethya wote, wamevaa leso za sare, baada ya kuomba nafasi kwenye lori la mbuzi la mfanyabiashara wa soko letu. Walikuwa wamebeba nusu gunia la ndengu. Wakakaa safu ya nyuma, mama katikati, na kila mwalimu aliyewasalimia aliambiwa na mwenyekiti wao, "Sisi ndio tuko kwa hicho kitabu."

Nilimsikia. Nilikuwa na muda wa kuchagua sura nyingine, yenye mitambo na moto. Lakini walimu walitaka ile ya kisima, nami ni mtu wa kupenda makofi, nikaisoma.

Makofi yalikuja. Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono, na kwa lafudhi yake nikajua ni wa upande wetu.

"Madam, naomba kuuliza. Huyu akiwa huko chini, nani alikuwa anatoa mchanga juu?"

Ukumbi ukacheka.

"Ana mkono wa chuma," nikasema. "Hii ni hadithi ya sayansi."

"Sawa, Madam, mkono ako nao. Lakini karai haiwezi jipandisha."

Wakacheka tena, na safari hii hata walimu. Nikatazama nyuma. Kina mama hawakuwa wakicheka. Walikuwa wamemgeukia mama yangu, na mwenyekiti akamuuliza kwa Kikamba, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Na sisi tuko wapi?"

Mama akajibu bila kuniangalia. "Ni kitabu kidogo. Hatungetoshea."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Hapo hapo ningeweza kusema ukweli, kwa maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Swali zuri sana," kama tusemavyo walimu tukitaka kutoroka, nikaomba swali lingine. Baadaye kina mama walinikabidhi ndengu zangu na kunishika mkono mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeninunia. Wangeninunia ningepata nafuu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa nje akipepeta. Hakuigusia habari ya shuleni. Alimaliza ungo wa kwanza, akapangusa mikono kwa leso, akasema, "Leta hicho kitabu. Nisomee pale kwa kisima."

Mama hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwa hiyo ilinibidi macho yasome Kiswahili na mdomo useme Kikamba, na katikati ya hizo lugha mbili nikapata mahali pa kujificha. Nikawarudisha wanawake wote kumi na mmoja. Nikawapanga kwenye vidato, nikawapa wimbo, nikapandisha karai mkono kwa mkono, na kule chini nikamweka mwanamke mfupi asiyeogopa. Sijawahi kusoma vizuri vile mbele ya mtu yeyote.

Mama alisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa magotini. Alikuwa akitazama kidole changu, ambacho muda wote huo hakikuwa kimefunua ukurasa hata mmoja.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Sasa nisomee ile uliyoandika, mwanangu."

Nikarudi mwanzo wa sura, nikamsomea: msichana, mchanga, na hakuna mtu mwingine.