Zamu ya Tatu Chini ya Tao

Jumapili ya mwisho ya Mei, mwaka 1983. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, na chini yake nikaongeza maneno mawili tu: "Sikuwa malkia." Kila nikilifungua daftari hilo, kabla sijasoma chochote, ninasikia harufu ya wanga wa muhogo ukichemka jikoni. Najua daftari lenyewe halina harufu hiyo. Linanuka vumbi na mende. Mimi si mtu wa masomo mengi, niliishia darasa la saba, na mara nyingi nikikumbuka jambo huwa sijui kama ninalikumbuka au ninalitengeneza. Lakini wanga ule ninao uhakika nao, kwa sababu niliukoroga kwa mkono wangu na kidole kimoja kikaungua.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukikaa Makongeni kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Marafiki zangu walikuwa wawili, Njeri na Akinyi, milango yetu mitatu ikifuatana na mfereji wetu ukiwa mmoja. Njeri alikuwa na shangazi yake mtaa wa Uhuru, ambaye sote tulimwita Tata kama yeye alivyomwita, na karibu na kwa Tata palikuwa na kanisa la Kikatoliki lenye masista kutoka Ufilipino. Masista hao walifundisha akina mama kushona, na Mei ikifika mwisho walifanya sherehe ya maua ya Bikira Maria kama ya kwao. Barabara moja ilifungwa kwa kamba. Vibendera vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi vilining'inizwa kutoka paa hadi paa. Wafilipino wengine waliokaa Nairobi walikuja na magitaa yao, na nyama ya nguruwe ilichomwa kwenye vijiti hadi watoto wa mtaa mzima wakapanga foleni kwa ajili ya kunusa tu. Kilele kilikuwa maandamano ya malkia. Kila malkia alitembea chini ya tao la maua lililobebwa na wenzake wawili, mmoja kila upande. Mwaka ule Tata alituombea nafasi, na Ijumaa jioni mama zetu wakakubali tukalale kwake hadi Jumapili.

Wasichana tulikuwa watatu, gauni likawa moja. Sista Luz, mfupi kuliko Akinyi, alitupatia lile gauni Jumamosi asubuhi, la samawati, lililoshonwa kwa kitambaa cha pazia na chandarua cha mbu, akatuambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Njia ina vituo viwili vya sala. Kila kituo, mnabadilisha. Mmoja ndani, wawili wanabeba. Mgawane kwa haki." Tukapiga kura kwa kuchomoa njiti za kiberiti mkononi mwa Tata. Njeri akapata zamu ya kwanza, kutoka kanisani hadi nyumbani kwa Tata. Akinyi ya pili, kutoka kwa Tata hadi nyumbani kwa katekista wa kanisa lile. Mimi ya tatu, kutoka kwa katekista hadi uwanjani, mbele ya maduka. Sikulalamika. Kusema kweli nilifurahi, kwa sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na watu wengi. Mchana tulikata maua ya boganvilia kwenye ua, tukayafunga kwa waya kwenye bomba la plastiki lililokunjwa kuwa tao, na mimi nikapewa kazi ya wanga. Mikono ya gauni lile ilikuwa mipana isivyo kawaida, na ilipakwa wanga ikakauka mpaka ikasimama juu ya mabega kama mabawa ya kipepeo. Ukiigonga kwa ukucha ilitoa sauti.

Sasa niseme habari ya baba. Baba yangu alitoka magharibi mwa nchi, mtu wa kanisa lisilo na sanamu wala maua wala gitaa, na alipopata habari ya maandamano alisema hayo si mambo yetu. Lakini nilimwambia kabla sijaondoka nyumbani, nikiwa nimeshika mlango, "Baba, mimi pia nitakuwa malkia. Ukisimama mbele ya maduka utaniona." Zamu zilikuwa hazijapangwa bado, kwa hiyo hapo nilisema nisichokijua, nilitaja maduka kwa sababu ndipo mahali pekee alipopajua kule. Akauliza, "Saa ngapi?" Kwa baba hilo lilikuwa jambo kubwa. Jumamosi usiku, tukiwa tumelala watatu kwenye godoro moja, niliwaeleza wenzangu yote haya. Nasisitiza hapo, kwa sababu ndipo kila kitu kinaposimama. Niliwaeleza.

"Mzee na ile kofia yake?" Njeri akacheka. "Atamwamkia Bikira Maria kwa salamu ya kwenu, mulembe?"

"Wewe nawe, acha," Akinyi akasema, lakini naye alikuwa anacheka hadi godoro linatikisika. Kisha akanishika mkono gizani. "Atakuona, usijali. Utapita karibu kabisa."

Jumapili tukaanza saa nane. Njeri alipita chini ya tao akiwa amenyoosha shingo kama amezaliwa na taji, mimi na Akinyi tukibeba, miiba ya boganvilia ikitukwaruza viganja. Kwa Tata wakabadilishana chumbani, Njeri akatoka na sweta yake, Akinyi akatoka na mabawa. Alipendeza, siwezi kumnyima hilo. Watu walipiga makofi. Tulipofika kwa katekista niliingia chumbani kwanza, haraka, nikavua sweta, nikavua na gauni langu, nikabaki na shimizi, tayari. Nilisubiri. Nje waliimba wimbo mmoja, wakaanza wa pili. Njeri akaingia peke yake, akafunga mlango nyuma yake na kuuegemea.

"Vaa nguo," akasema. "Sista amesema tusibadilishe tena. Mikono imelowa na manyunyu, ikivuliwa itaanguka."

"Lakini ni zamu yangu. Baba yuko kwa maduka."

"Si mimi, ni Sista. Unataka kubishana na Sista?"

Sikubishana. Nilivaa gauni langu, nikavaa sweta, na vifungo nikavikosea mpangilio, ikabidi nianze upya. Nilipotoka Akinyi alikuwa amesimama chini ya tao akiangalia mbele, mbele tu, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa mbali. Nikashika bomba upande wa kushoto.

Baba alikuwa pale. Alikuwa amevaa koti lake la suti na amesimama peke yake, mbali kidogo na wengine, kama mtu anayesubiri garimoshi na hataki kuonekana ana haraka. Alipoona tao linakuja, na mabawa ya samawati chini yake, alivua kofia. Baba hakuwa akivua kofia ila kwenye maombi na mazishi. Akaishika kifuani. Akinyi akasogea, uso wake ukaonekana, na nikaona baba anautazama uso ule, anautazama tena, halafu macho yake yanaanza kutafuta. Kofia ilibaki hapo hapo kifuani, haishuki wala hairudi kichwani. Mimi nilikuwa upande wake, karibu kiasi kwamba angeweza kunigusa. Nikainamisha kichwa nyuma ya maua. Sijui kwa nini nilijificha. Sikuwa nimekosa. Lakini nilijificha, na aliniona nikijificha.

Uwanjani Sista Luz alinijia mbio, viatu vyake vimejaa matope. "Wewe! Nilikuwa nangoja wewe. Umeumwa? Njeri amesema umekataa, unaogopa baba."

Nilimtazama Sista, nikaangalia mikono ya gauni la Akinyi kule kwenye meza za chakula. Ilikuwa imesimama vizuri. Haikuwa na hata mkunjo mmoja. Nikamwambia Sista, "Ndiyo, niliumwa kidogo." Akanihurumia, akaniwekea mkononi vifurushi vitatu vya wali wa kunata uliopikwa kwa tui la nazi na kufungwa kwenye jani la mgomba. "Kimoja wewe, na hivi viwili marafiki wako," akasema.

Nimejaribu kwa miaka mingi kuwatendea haki wale wasichana wawili. Njeri alikuwa ameshamaliza zamu yake. Hakupata kitu chochote kwa kunidanganya, na labda ndiyo sababu inaniuma zaidi. Akinyi labda hakupanga, labda aliambiwa tu abaki, na nani angekataa? Mwaka jana nilikutana naye Kayole, kwenye matanga, sote tumekuwa nyanya. Tulicheka, tulishikana mikono, tukahesabu wajukuu. Mwisho nikamuuliza, polepole, kama mzaha. Akashangaa kweli. "Lakini si wewe ulikataa? Ulisema baba yako hapendi mambo ya sanamu. Njeri alitoka akaniambia." Nikarudi nyumbani nikafungua daftari kutafuta ukweli, nikakuta maneno mawili tu. Hayasemi nani alifanya nini. Usiku kucha nilijiuliza kama kweli nilikataa. Lakini ninakumbuka baridi ya kile chumba kwenye mabega yangu, na mtu aliyekataa hasimami na shimizi akisubiri gauni. Siku hizi wajukuu wangu wakigombana na marafiki, wanaandikiana kwenye simu hadi kila neno linabaki, na wakitaka wanaweza kuonyeshana nani alisema nini. Wakati mwingine nawaonea wivu. Mimi nina shimizi tu kama shahidi.

Jioni ile baba alinisubiri kwenye geti la uwanja na tukatembea kurudi Makongeni, yeye mbele kidogo. Sikuwaaga wenzangu. Tulipita Makadara. Tulipokaribia nyumbani akasema, bila kugeuka, "Ulisema malkia, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Nilisema, Baba."

"Na haikuwa wewe."

"Haikuwa mimi."

"Basi. Usiniite tena mahali kwa kitu ambacho hakipo."

Ningeweza kumweleza. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini mama angepata habari, na mama angeenda mferejini kesho yake asubuhi kugombana na mama zao, na mtaa wote ungejua jinsi nilivyosimama nusu uchi nikisubiri. Nikafunga mdomo. Hakuja tena mahali nilipomwita, si kwa mashindano ya kwaya, si kwa siku ya kufunga shule. Hakuwahi kunikemea. Alisema tu ana kazi.

Tulikula ugali na sukuma wiki, na maharagwe yaliyobaki ya Jumamosi. Baada ya hapo nikatoa vile vifurushi vitatu, vyote vitatu, nikaviweka mezani. Mama akafungua majani, wali ukatoka mweupe na wa kung'aa, na baba akaukata vipande kwa uzi ili kila mtu apate. Alipofika kwenye kifurushi cha tatu akasimama, uzi mkononi.

"Na marafiki zako, wamekula?"

"Ndiyo, Baba," nikasema. Huo ndio uongo pekee niliomwambia siku ile, na huo aliuamini. Akakata. Ulikuwa mtamu, umenata kwenye meno, na kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko vya wote.