Siku Nilipoingia Josho la Ng'ombe Mugeta

Walioiona aibu yangu ni hawa: mama mkwe wangu Wankuru, binti yake Nyabise, wifi yangu, ambaye haonagi tangu surua ya utotoni, jirani yetu Bhoke, mke wa Chacha, mwenye mdomo wake, Masatu, bwana mifugo, na nusu ya kijiji cha Mugeta waliokuja kuogesha ng'ombe. Mume wangu Magesa alikuwa amepeleka pamba Bunda, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Ilikuwa wakati wa ujamaa, tumehamishwa, tumepewa viwanja, na Nyabise naye akataka nyumba yake na jiko lake, amechoka kulishwa kama kifaranga. Mama mkwe hataki. Wakabishana wee, mwisho akasema, "Haya. Siku utakayochota maji kisimani ukarudi peke yako, hakuna wa kukushika mkono wala kukuambia neno, Magesa atakujengea. Ukisaidiwa, utabaki jikoni kwangu mpaka nife."

Nyabise akajizoeza mwezi mzima na fimbo yake. Mimi nilikuwaga nampenda sana wifi huyu, na kupenda kwangu kuna kiherehere. Alfajiri ya siku yenyewe (hapa ndipo nilipojiharibia) nikajisemea, kufagia njia si kumsaidia mtu, njia ni ya wote, basi nikachukua ufagio nikaisafisha kama anakuja mgeni wa serikali, nikatoa vijiti, nikatoa mavi ya ng'ombe, nikatoa na jiwe kubwa lililokaa vibaya pale njia inapogawanyika, nikalisukumia porini, nikajiona mwerevu.

Kumbe jiwe lile alilibiringisha hapo Nyabise mwenyewe! Ndiyo alama yake: fimbo ikigonga jiwe, anakata kushoto kwenda kisimani.

Akaja na debe kichwani, sisi tumesimama mbali, kimya kama kanisani. Akafika njia panda, fimbo haikugonga kitu, akaenda moja kwa moja, na huko moja kwa moja ni josho.

Nifanyeje? Nikisema neno, nyumba yake imekwenda. Nikinyamaza, anaingia kwenye dawa. Nikakimbia kwa kuzunguka nyuma ya nyumba ya Bhoke, nikatokea mbele yake, nikaanza kumpungia ufagio arudi. (Ndiyo, nilimpungia mtu asiyeona. Cheka tu, wenzako walishacheka.) Nikawa naenda kinyumenyume huku napunga, saruji imelowa, mguu ukateleza, nikaingia joshoni chubwi! mpaka kifuani, na nyuma yangu dume la Chacha linakuja na pembe zake.

Nikapiga yowe la kusikika Butiama.

Dume halina subira, likanisukuma mgongoni, nikatokea upande wa pili katikati ya ndama, natiririka dawa, ufagio bado mkononi. Masatu akauliza, hata hacheki, "Huyu naye ni wa zizi gani?"

"Wa Magesa!" Bhoke akamjibu. "Mwaka huu hapati kupe!"

Nyabise yeye alikuwa amesimama mbali kabisa. "Wifi," akaniambia, "mimi nimesimama hapa tangu niliposikia harufu ya dawa, nikajua njia nimeipita. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Dawa ikaanza kuniwasha. Masatu akapiga kelele nioshwe upesi. Kabla wenye macho hawajamaliza kucheka, Nyabise alisharudi nyuma, akapapasa na fimbo mpaka akaipata njia ya kisimani, akaja na debe limejaa, akanimwagia lote mbele ya watu.

"Maji hayajafika nyumbani," mama mkwe akasema.

Moyo wangu ukakatika. Nimemharibia mwenzangu. Lakini Nyabise akajitwika debe tupu. "Basi naenda tena, mama." Akaenda, akarudi limejaa, akalitua nyumbani miguuni pa mama yake. Mama mkwe akachota maji kwa kiganja, akanywa, kisha akasema, "Magesa akirudi aanze kukata miti."

Siku alipotupikia jikoni kwake, ugali wa mtama na furu, visamaki vya ziwani, niliinuka nimpokee chungu. "Wifi, kaa," akasema. "Mikono mapajani." Nikakaa. Tangu hapo, mtu asiyeona akiwa na shughuli yake naulizaga kwanza, na akisema hapana, sigusi hata kijiko.

Mlio hai wa Mugeta, kama nimesahau mtu, au dume halikuwa la Chacha, nisahihisheni. Ila msiniambie niliingia joshoni mara mbili. Huo ni uongo wa Bhoke.