Mstari wa Kunyamazia

Kwa wiki tatu nilitafuta kwenye Biblia mstari mmoja tu, ule unaomruhusu mume kumficha mkewe jambo. Sikuupata. Kila nilipofungua niliambiwa niseme kweli, nami nikafunua ukurasa mwingine, nikibishana nao kimoyomoyo.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bunda na malori yao, na kiwanda cha kuchambua pamba nilichokitumikia tangu ujana kikapunguza watu. Nami nilipunguzwa. Lakini kila asubuhi niliaga nyumbani Kabasa kama kawaida, nikapanda mlimani, nikakaa kwenye mawe na Biblia yangu mpaka saa za kutoka kazini.

Nilimwogopa mke wangu. Si kwamba ana maneno, la. Mkwe wangu kule Butiama ni mtu wa ng'ombe, na siku ya posa alisema mbele ya wazee kwamba mshahara ni upepo, leo upo, kesho haupo. Binti yake akanichagua mimi na upepo wangu. Sasa nikimwambia upepo umekoma, atamjibu nini baba yake? Niliona kabisa atafunga mizigo arudi kwao. Niliwaza hivyo mchana kutwa.

Halafu zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu. Kila Alhamisi jioni majirani hukusanyika kwenye nyumba mojawapo, Injili ya Jumapili ijayo inasomwa, kisha kila mmoja anasema Neno limemgusa wapi. Msomaji ni mimi siku zote, maana najifanya mjuzi wa Maandiko. Nilipotazama kalenda ya parokia nikaishiwa nguvu. Ilikuwa ni habari ya wale vibarua waliokutwa sokoni wamesimama tu bila kazi, mwenye shamba akawauliza kwa nini.

Nilifikiria kuugua ghafla. Mwishowe nikasoma hivyohivyo, jasho likinitoka, na watu wakaanza kushirikishana. Wengi walisifu ukarimu wa mwenye shamba. Ikafika kwa mke wangu, ambaye kwa kawaida husema ameguswa pote, basi.

"Mimi nawaza wake zao," alisema. "Mmoja alikuwaga anakung'uta ovaroli ya mume wake nje, pamba inaruka mpaka kwa jirani. Siku hizi inarudi safi, na yeye anaifua hivyohivyo. Mwenye shamba aliuliza kwa nini wamesimama. Huyu mama hajauliza. Anangoja aambiwe, na kungoja kumemchosha."

Jirani mmoja akacheka, akataka kujua enzi za Biblia ovaroli zilitoka wapi. Wengine nao wakacheka. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kitabu mkononi, mjuzi mzima. Ningeweza kutaja wimbo tukaimba, mambo yakapita. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya khanga yake, na nikaelewa kwamba wiki zote tatu tulikuwa tunaogopa sote wawili.

"Ovaroli ni yangu," nilisema.

Kicheko kikakatika. Aibu ilinipanda hadi masikioni, na sikujua niweke wapi macho. Mke wangu akasogea kidogo kwenye mkeka, katikati ya akina mama, akaipapasa nafasi iliyobaki kando yake ili nikae.